Nakala za Shangazi

2 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Najua simu huisikii tena, na muuguzi wako ameniambia kwamba hata ukisomewa ujumbe unajibu, "Mwambieni aandike kama mtu." Basi naandika kama mtu.

Nina tatizo kazini, na ndani yake nauona mkono wako.

Ile kompaila uliyoiandika ulipokuwa hapa Idara ya Maji bado tunaitumia. Mafundi wanaandika programu za pampu kwa lugha yao, kompaila inazigeuza kwanza kuwa lugha ya kati, kisha inazigeuza kuwa amri za mashine. Mwaka huu nilipewa kazi ya kuisafisha. Nilipofika kwenye lugha ya kati nikashika kiuno. Fundi akiandika namba isiyobadilika, tuseme tisini, mtu yeyote angeiweka tisini hiyo mahali pamoja, kila anayeihitaji akaisoma pale. Wewe hapana. Kila programu moja inapoikabidhi nyingine ile tisini, kompaila yako inatengeneza tisini mpya kabisa, inaitoa, ikishatumika inaitupa. Kisha inatengeneza nyingine. Nikasema, kumbe ni kweli, huyu ndiye Bibi Nakala niliyemsikia tangu utotoni.

Nikaziondoa nakala zote. Kila namba nikaiweka mara moja tu, katika ghala moja, na anayeihitaji anapewa anwani ya ghalani. Programu zikawa nyepesi. Meneja alinipigia makofi mbele za watu.

Wiki iliyopita tangi la kilimani lilifurika. Pampu inatakiwa izime maji yakifika asilimia tisini, na haikuzima. Maji yakateremka mpaka mtaa wa maseremala, yakaingia kwenye karakana zao. Mzee mmoja mchonga vitanda aliteleza akavunjika nyonga.

Nimesoma programu ya pampu mstari kwa mstari. Imeandikwa tisini. Lakini nilipochungulia ndani ya mashine, pale ghalani penye tisini nilikuta mia na mbili. Tangi likishafika mia linamwagika, sasa hiyo mia na mbili pampu itaiona wapi? Tukiizima mashine na kuiwasha upya, tisini inarudi kuwa tisini. Kufikia jioni imeshapanda tena. Shangazi, tisini inawezaje kuacha kuwa tisini?

Nitahojiwa kikaoni tarehe 27. Nikishindwa kueleza, kazi sina. Niambie ulifanya nini humo ndani ambacho hukukiandika popote. Baba alikuwa akisema una mkono mzito. Kama kuna kosa lako, niambie mapema, sitakulaumu. Sana.

Mtoto wa kaka yako,
Mchokonozi


7 Juni

Mchokonozi,

Marahaba. Nimefurahi kwamba bado unatia sahihi kwa jina nililokupa siku ulipoifungua redio yangu ukashindwa kuifunga.

Naandika mistari mitatu, napumzika, naandika mingine mitatu. Kifua changu kinafanya kazi kama pampu iliyopitwa na wakati, na Sajenti hana vipuri. Sajenti ndiye muuguzi. Nimempa cheo hicho kwa sababu hata kukohoa lazima niombe ruhusa. Chumba changu kina dirisha moja linalotazama ukuta. Nimeuzoea ukuta huo. Hauniulizi habari.

Kuhusu tatizo lako, dawa yake ni fupi. Rudisha nakala. Zote, kama zilivyokuwa. Kila namba inayokabidhiwa kwa programu nyingine ipewe nakala mpya kila mara, hata kama umeitoa sasa hivi na unaiona bado ina joto. Tisini yako itatulia.

Sababu usiniulize. Ni mambo ya kale, nimechoka, na wala hayatakusaidia.

Mzee wa vitanda anaendeleaje? Hukuniandikia kama ana mtu wa kumtazama.

Shangazi yako


12 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nimezirudisha nakala zako na tangi limetulia. Ahsante. Lakini hilo ndilo linalonimaliza. Nikienda kikaoni na kusema "nimerudisha yaliyokuwepo", maana yake ni kwamba kitu kilikuwa kizima na mimi ndiye niliyekivunja. Meneja amesema waziwazi: "Sitaki kusikia umerudisha. Nataka kusikia kwa nini." Siwezi kusimama pale nikasema shangazi kasema.

Kwa hiyo nimechimba mwenyewe. Iko programu ndogo inaitwa Pima. Kazi yake ni kupokea kiwango chochote cha maji, hata hicho cha kuzimia pampu, na kuongeza tatu, kwa ajili ya mawimbi ndani ya tangi. Badala ya kuweka jibu lake pembeni, inaandika juu ya ileile namba iliyopewa. Sasa mimi nilikuwa nimeipa anwani ya ghalani. Kwa hiyo kila ilipoitwa ilikwenda ghalani, ikafuta tisini, ikaandika tisini na tatu. Ikaitwa tena, tisini na sita. Na kila mtu katika kituo kizima aliyesema "tisini" akawa anasoma namba iliyokwisha kuchafuliwa, na mwenyewe hana habari.

Mbovu ni Pima. Nakala zako zilikuwa plasta tu. Nikaangalia ni nani aliyeiingiza Pima kwenye mashine. Jina lililoandikwa ni lako.

Ni hivyo basi? Uliandika programu mbovu, ukaona aibu kuitengeneza, ukaifunika kwa nakala elfu, ukastaafu ukatuachia? Miaka yote hii nikidhani kwamba wewe ni mpotevu tu. Sikudhani kama ni mwoga.

Nisamehe kwa neno hilo, lakini silifuti. Hivyo ndivyo nitakavyosema tarehe 27. Nikikutaja wewe, mimi napona.

Mzee wa vitanda anatazamwa na binti yake. Bado hajasimama.

Mchokonozi


16 Juni

Mchokonozi,

Ndiyo. Ni mimi. Pima ni yangu, na aibu ni yangu. Sema hivyo hivyo ulivyoandika, neno la woga likiwemo. Mimi sina cha kupoteza, na wewe una miaka thelathini ya kazi mbele yako.

Sasa niache nipumzike.

Shangazi yako


19 Juni

Mwanangu,

Barua ya juzi ichane. Ni uongo. Nimeshinda nikiutazama ukuta na kujiambia kwamba ni uongo mzuri, na pengine ungekuwa mzuri kama Pima ingekuwa peke yake. Lakini ziko nyingine. Ukiamini kwamba iliyoharibika ilikuwa moja na umeshaiona, siku moja utashika tena ufagio, na safari hiyo huenda isiwe nyonga. Kwa hiyo kaa chini unisikilize.

Pima aliiandika baba yako.

Nakujua, umeshasimama. Kaa.

Aliiandika mara mbili. Ya kwanza aliiandika akiwa kijana, na ilikuwa safi kama kila alichokigusa siku zile. Kituo kile alikijenga yeye. Sisi wengine tulikuwa tunampokeza nyundo. Ya pili aliiandika karibu na mwisho, alipotaka kuisafisha ya kwanza. Kusafisha ni ugonjwa wa ukoo wetu. Humo ndimo alimoandika juu ya namba aliyopewa. Ni kosa la kawaida, hata mimi nimewahi kulifanya. Nikamwonyesha siku ya Jumatatu. Akajipiga paji la uso, akacheka, akasema, "Dada, mie nimezeeka!" Akarekebisha. Jumanne nikaikuta imerudi vilevile. Nikamwonyesha. Akajipiga paji la uso, akacheka, akasema, "Dada, mie nimezeeka!" Sauti ileile, kicheko kilekile. Jumatano hivyo hivyo. Alhamisi sikumwonyesha. Nilikwenda chooni nikajifungia.

Maana nilikuwa nimeshaona mengine. Alikuwa ameniuliza kwenye ngazi za ofisi, "Mama yuko wapi leo?" Mama yetu tulikuwa tumemzika zamani. Nikamwambia, "Kaka, mama alikufa." Akakaa palepale kwenye ngazi akalia, kama mtu aliyepokea habari hiyo kwa mara ya kwanza, na kwake kweli ilikuwa ya kwanza. Haikupita wiki akaniuliza tena. Safari hiyo nikamwambia, "Yuko sokoni, atachelewa kidogo." Akasema, "Haya," akapanda ngazi zake.

Kutoka pale nikajua la kufanya. Sikuweza kumzuia asiandike juu ya alichopewa. Niliweza kuhakikisha kwamba alichopewa si kile cha asili. Nikaingia kwenye lugha ya kati, mahali ambapo hakuna anayechungulia, nikapanga kwamba kila namba itakayokabidhiwa itakuwa nakala mpya. Aikwangue, aiongeze, aiharibu. Ikishatoka mkononi mwake inatupwa, na ile ya kweli imelala salama ghalani. Kila alichoandika siku zile nilikisoma asubuhi kabla hajafika, nikakiingiza kwenye mashine kwa jina langu ili ukaguzi usimwulize yeye. Ndiyo maana umekuta jina langu. Mbali na Pima, tazama pia Chuja, na Zamu, na ile ya kufunga malango ya mfereji. Zote zinaandika juu ya zinachopewa. Usizikabidhi kitu cha asili hata kwa dakika moja.

Wakaniita Bibi Nakala. Aliyeanzisha jina hilo ni yeye mwenyewe, mezani kwenu, kwamba dada ana mkono mzito, kila kitu anataka mara mbili. Wewe ulicheka. Ulikuwa na pengo hapa mbele. Nami nikacheka, kwa sababu siku hiyo alikuwa na siku nzuri na aliwakumbuka wote waliokuwa mezani.

Usinifanye malaika. Sikumficha kwa ajili yake tu. Wangejua wangemtoa, na mimi ningebaki katika chumba kile na vijana wanaonifahamu kwa jina la dhihaka. Sikutaka kufanya kazi bila yeye. Hata yule aliyebaki, yule aliyekuwa akiuliza mama yuko wapi, nilimtaka awepo. Moyo wake uliposimama, nilishukuru kwamba umesimama kabla ya watu kujua. Hilo ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote: nilishukuru. Mama yako sikumwambia kitu. Mazishini alinikunjia uso, nikadhani ananilaumu kwamba nimemwua mumewe kwa kazi. Nikaona bora adhani hivyo.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi kweli sikuzaa, ila siku zote nilidhani walikuwa wanazungumzia mambo mengine.

Utajiuliza kama ugonjwa ule unakusubiri na wewe. Sijui. Mimi ni damu yake, nina miaka themanini na moja, na nakumbuka kila kitu. Hiyo nayo si zawadi.

Tarehe 27 sema utakalo. Ukinitaja mimi, sitakana. Mguu uliokuwa umeushikilia mlango wa siri hii umechoka, mwanangu, na ninautoa.

Shangazi yako


22 Juni

Shangazi,

Unamsingizia marehemu, na marehemu hawezi kujitetea.

Baba yangu hakuwa mtu wa kusahau. Mpaka mwezi aliokufa, kila jioni alinikalisha mezani akanifundisha hesabu za sehemu za kumi. Kila jioni, bila kuchoka, bila kunikaripia. Mtu aliyepotewa na akili anafanya hivyo?

Picha yake imetundikwa juu ya kiti cha Meneja. Mama anaishi kwa jina lake. Wakimwita "mama mhandisi" anainua kichwa. Unataka niende nikamvue nguo mbele ya watu?

Ulisema ni wewe. Tarehe 16 uliandika ni wewe. Hiyo ndiyo barua nitakayoishika.

Usinijibu.

Mchokonozi


24 Juni

Kwa Mchokonozi,

Hatujaonana. Mimi ndiye huyo anayeitwa Sajenti. Shangazi yako hajanituma, na akijua nimekuandikia atanivua cheo.

Barua yako ilifika. Aliisoma, akaikunja, akaiweka chini ya mto, akasema, "Ana haki." Tangu hapo chakula anakigusa tu. Daktari amekuja akasema nisimsumbue na dawa nyingi. Wewe ni mtu mzima, unaelewa anaposema hivyo.

Umemwambia asijibu, naye ni mtu wa kutii maandishi. Lakini kila asubuhi basi linaloleta barua likipita anainua kichwa.

Muuguzi


28 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Ile barua ya tarehe 22 ichane, kama ulivyoniambia niichane yako. Sasa kaa chini, maana zamu ni yangu.

Nilikwenda kwa mama. Nilimkuta anapiga pasi. Nikamwuliza, "Mama, baba aliumwa nini?"

"Moyo. Unajua."

"Kabla ya moyo."

Akaendelea na mkono wa shati mpaka ukaisha. Kisha akasema, "Nani kakwambia?"

"Shangazi."

Pasi ikasimama palepale, mpaka nikaiondoa mimi, na shati limeshaungua. "Wifi anajua?" akauliza. "Wifi alikuwa anajua?"

"Alijua yote, mama. Alimfunika kazini mpaka mwisho."

Akakaa kwenye rundo la nguo. Sikujua kama analia au anacheka, nadhani hata mwenyewe hakujua. Akaniambia kwamba kila asubuhi baba alipotoka, yeye alijifunga ushungi akamfuata kwa mbali, asije akapotea njia aliyoipita miaka thelathini. Wakati mwingine baba alisimama kwenye kona akatazama kulia na kushoto, na mama naye akasimama, akijifanya anafunga kiatu. "Nilikuwa namwona mpaka anaingia getini," akasema. "Akishaingia, nasema, haya Mungu, sasa ni zamu yako, mimi humo siwezi kuingia. Kumbe ilikuwa zamu ya wifi."

Nikamwuliza, "Sasa mazishini mbona ulimkunjia uso?"

"Nimkunjie uso kwa lipi? Nilikuwa najizuia. Ningemtazama vizuri ningemwangukia kifuani nikayamwaga yote mbele za watu." Akajifuta, akasema, "Siri ya mtungi aijuaye kata. Kumbe kata zilikuwa mbili, na kila moja imening'inia kwenye msumari wake."

Kisha nikamwuliza kuhusu sehemu za kumi. Sikumaliza swali. Akasema, "Ulikuwa mtoto mwema. Hukumwambia hata siku moja kwamba ukurasa huo mmeshausoma." Shangazi, sikuwa mwema. Ulikuwa ukurasa uleule, kila jioni, na mimi nilidhani baba ananirudisha nyuma kwa sababu kichwa changu kizito.

Kikaoni nilisimama mbele ya picha yake. Nikaeleza yote: aliyeandika, aliyefunika, na mimi niliyefunua bila kuuliza. Nikawatajia Chuja, Zamu na malango ya mfereji. Fundi mmoja aliposikia malango ya mfereji aliweka kalamu chini, maana kompaila niliyoisafisha ilikuwa ifike huko Jumatatu ijayo, kama tangi lisingefurika kwanza.

Meneja akaniuliza, "Kwa nini hukumwuliza shangazi yako kabla ya kuziondoa nakala? Yu hai. Ni mtu wa nyumbani."

Nikajibu, "Kwa sababu nyumbani tulizoea kwamba kazi yake haina sababu."

Mwishowe yule fundi akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa picha tuishushe?" Nikamwambia aiache. Kituo alikijenga yeye. Ila wasitufundishe tena kwamba alikuwa peke yake.

Sikufukuzwa. Nimeondolewa chumba cha mitambo, nimepelekwa karakana ya mita mpaka watakapoamua vingine. Ni haki yao. Maji yakimwagika hayazoleki, na mzee yule bado anatembelea magongo. Nilimpelekea salamu zako. Anasema amechonga vitanda maisha yake yote, na sasa ndiyo kwanza amepata nafasi ya kujua kama vinalalika.

Kabla ya kukabidhi funguo waliniruhusu kufanya kazi moja ya mwisho. Nilizifungua zote nne, Pima na wenzake. Katika kila moja nimeongeza mstari mmoja juu kabisa: ikipokea namba, kwanza ijinakilie yake, ndiyo iandike. Sasa za baba hazidhuru mtu tena, hata zikipewa kitu cha asili. Nakala zako kwa hiyo hazina kazi. Namba moja inanakiliwa mara mbili kwa ajili ya safari moja. Ni upotevu mtupu.

Nimeziacha.

Mama anakuja huko Jumanne. Nilimwambia asubiri nipate ruhusa twende wote, akasema amesubiri vya kutosha.

Mchokonozi wako


3 Julai

Mchokonozi,

Marahaba. Anaandika Sajenti, mimi nasema. Mkono umegoma, ila ulimi bado mnaujua.

Wifi amefika. Aliingia na kikapu chake, akasimama mlangoni, nami nikamtazama, hatukusalimiana. Akaja akanisogezea mto, akaniuliza nani kauweka hivi vibaya. Sajenti alikuwa amesimama hapohapo. Tangu wakati huo nyumba hii ina majenerali wawili na mgonjwa mmoja.

Tunazungumza kidogo kidogo, kwa kadiri ya pumzi. Yeye ananipa za asubuhi, mimi nampa za mchana, na mtu wetu anarudi kuwa mzima kidogo. Jana aliniambia alivyokuwa akijifanya anafunga kiatu. Wifi yangu huyu hajawahi kuvaa kiatu cha kamba maishani mwake. Nikacheka mpaka Sajenti akaja na mashine ya hewa.

Kunakili mara mbili ni upotevu. Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekukata alama.

Usiziondoe.

Nimechoka sana, lakini leo ni kama mtu aliyetua mzigo na bado anauhisi begani. Uje ukipata ruhusa. Usipoipata, usigombane na mtu.

Shangazi yako


10 Julai

Mwanangu,

Salamu kwanza. Najua Sajenti amekupigia simu na habari unayo, na basi lako ni la kesho. Lakini yako mambo sikutaka uyasikie kwenye simu, mtu unasikia huku umesimama. Nimekuandikia uyasome ukiwa njiani umekaa. Mimi si mwandishi kama wewe na wifi, utanivumilia.

Siku mbili za mwisho homa ilipanda na wifi akawa hayupo sawasawa. Yeye aliyekuwa anakumbuka hata rangi ya gauni nililoolewa nalo. Alinishika mkono akaniuliza, "Kaka yuko wapi?" Sajenti akanitazama. Mimi nilishaisoma barua yake kwako, ile ndefu uliyonionyesha, nikajua la kumjibu. Nikamwambia, "Yuko kazini, wifi. Atachelewa kidogo." Akatulia.

Baada ya muda akaniuliza tena. Nikamjibu vilevile. Akauliza jioni, akauliza alfajiri, sikuhesabu. Kila mara nilimjibu kama ndiyo kwanza anauliza, na kila mara uso wake ulikunjuka kama ndiyo kwanza anasikia. Haikuwa kazi ngumu. Nilishaifanya zamani kwa mwingine.

Mara ya mwisho jua lilikuwa limepanda juu ya ule ukuta wake. Akauliza, nikamwambia, "Yuko kazini."

Akafumbua macho, akaniangalia vizuri kabisa, akasema, "Basi mwambie asiguse kitu mpaka nifike."

Nikamwambia nitamwambia.

Mama yako